Kigogo Chembamba cha Ndiva

Wenye kucheka chekeni sasa, maana hata mimi nikipita kwenye ndiva ile (bwawa la kumwagilia, kule milimani juu ya Same) huwa natazama upande mwingine kama mtu anayedaiwa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa fundi cherehani karibu na stesheni ya Same, kijana wa kaptula iliyonyooshwa pasi, na nilikuwa nimemposa Naetwe, binti wa Mzee Mbwambo. Mzee hakukubali wala hakukataa, alisema tu nipande kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, wanione. Baragumu likalia asubuhi, tukateremka kuchukua magogo ya kuimarisha ukingo wa ndiva, na kwa kuwa mimi ni mgeni wakaniambia nichague wa kwanza.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Kulikuwa na gogo la mkuyu mkavu, nene kama mtungi wa pombe, na pembeni kigogo cheusi kirefu, unene wa paja langu (na mapaja yangu mnayaona). Nikakirukia chembamba, nikasema kwa sauti ili Naetwe asikie, "Hilo kubwa nawaachia wenyeji, nisije nikawanyima sifa."

Jamani, kilikuwa mpingo. Mti ule umeshikamana mpaka ndani, hauna hata upenyo wa hewa, na mimi niliupima kwa macho. Kabla hatujafika nusu ya mlima shingo ilikuwa imezama mabegani, na nikasikia mtu ananipita akiimba, kumbe ni shangazi yake Naetwe, ule mkuyu uko kichwani na mikono ameiachia.

"Shikamoo, shangazi," nikahema.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe cherehani inachosha hivi."

Nilipofika ukingoni sikutua mzigo, niliutupa, nao ukabingirika ukaingia majini. Watu wakashtuka, mimi nikawatuliza (mdomo wangu huu). "Msijali, mti huelea, utaibuka tuudake." Tukasimama tukitazama maji. Vibanzi vya mkuyu vilielea pale kwa raha zao, mpingo wangu haukuonekana tena.

Siku hiyo zamu ya maji ilikuwa ya Mzee Mbwambo, mahindi yake yalishaanza kukunja majani. Mara akapanda kutoka shambani, jembe mkononi. "Nani amenizibia maji?"

Wote wakanigeukia mimi. Kigogo kilikuwa kimelala kwenye tundu la kutolea maji. Niliingia na kaptula yangu, nikazama, nikaibuka, nikazama tena, na mshono niliousifia Same nzima ukaachia nyuma mbele ya wakwe. Niliona Naetwe amenipotea kabisa, na nililia humo majini, ambako machozi hayaonekani. Jua lilikuwa linatua nilipofanikiwa kukifunga kamba, wanaume wakakivuta, maji yakashuka.

Mzee alinivika shuka lake kiunoni. "Binti nakupa," akasema. "Umeyahangaikia mahindi yangu. Ila gogo hilo ndiyo zawadi yako ya harusi, na utalibeba mwenyewe."

Nililibeba mpaka Same. Leo ndilo kizingiti cha mlango wetu, na mkwe akija hulikanyaga na kuniuliza kama limepungua uzito. Mimi nimeapa, sichagui tena mzigo kwa macho. Hata pakiti ya chumvi naiinua kwanza, na Naetwe hunisubiri dukani akiwa amejifunika mdomo kwa kanga.