Kuvua na Kuokota

Walimwita Mama Sindano. Si kwa ukali wa ulimi, ingawa ulimi nao ulikuwapo, bali kwa sababu kila mchana alionekana kizingitini, miguu ameinyoosha, sindano ya mti mkononi, akishona juya la mumewe na shemeji yake. Juya ni wavu mrefu unaovutwa ufukoni na watu wa pande mbili. Ndugu hao waliachiwa juya hilo na baba yao. Mkubwa, ndiye mumewe, alishika kamba ya kulia, mdogo ya kushoto, na samaki waligawanywa sawa kwa sawa papo hapo mchangani, kabla hata mikono haijakauka.

Wavuvi wa pale walikuwa na maneno mawili ambayo hata mtoto hakuyachanganya. Ukisema umevua kitu, umekubali kugawana na kila aliyeshika kamba. Ukisema umeokota, kitu ni chako, na hakuna wa kukuuliza.

Asubuhi moja juya lilileta samaki wachache na bonge la kijivu lililonuka kama zizi. Mdogo alilishika kwa vidole viwili akalitupa mbali.

"Kaka, leo bahari imetunyea," alisema, nao wakacheka mpaka wakakaa chini.

Walipokwisha kugawana samaki, mkubwa alirudi akaliokota. Mlango wa nyumba yake ulikuwa ukipigwapigwa na upepo, akaona bonge lile litafaa kuuzuia.

Likakaa hapo mlangoni, kuku wakilipanda na kulishuka, mpaka siku alipopita muuza manukato na kikapu chake cha chupa. Alisimama, akavuta pumzi, akaomba maji ya kunywa. Maji yenyewe hakuyanywa. Aliinama, na alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Lilikuwa bonge la ambari, kitu kitokacho tumboni mwa nyangumi, ambacho watengeneza manukato hukitafuta kwa udi na uvumba.

Ambari ilipouzwa, mume alikaa kitandani akiitazama ile fedha kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba amwite mdogo wake wagawane. Mama Sindano alikuwa akikunja nguo.

"Kwani mlilivua?" aliuliza.

"Si lilitoka kwenye juya?"

"Na aliyelitupa nani? Shemeji alilitupa kwa mkono wake mwenyewe, wewe ukaliokota. Sema uliokota, baba watoto. Hujamdanganya mtu."

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa kweli. Miaka yote vidole vya Mama Sindano vilichanika kwa ajili ya juya la nyumba mbili, wakati mke wa shemeji hakuijua sindano inashikwaje. Moyoni aliona sasa ni zamu yake.

Shemeji alikuja siku ya pili, habari zikiwa zimeshamfikia. Alikataa kiti, akachuchumaa karibu na mlango. Hakuuliza wamepata kiasi gani.

"Kaka, lile bonge tulilivua, au uliliokota?"

Mume alimtazama mkewe, kisha akatazama sakafu. "Niliokota."

Shemeji aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea habari ya msiba wa mgonjwa aliyemuuguza mwenyewe. Akaomba kitu kimoja tu, juya nalo ligawanywe. Mama Sindano alileta kisu akalikata katikati, jicho baada ya jicho. Alijua kuliko yeyote kwamba nusu ya juya haimzuii samaki. Lakini siku ile aliamini hawatalihitaji tena.

Wakajenga nyumba ya vigae, wakanunua makochi ambayo hayakuwahi kutolewa nailoni, na boti ya injini yenye vijana wa kuajiriwa. Mume akawa Bosi. Alishinda baa, funguo mezani, na waliomwita Bosi walihakikisha koo zao hazikauki. Vijana wake waliwauza samaki wazuri hukohuko majini, wakarudi na dagaa na nyuso za huzuni. Mtu aliyekulia baharini hawezi kudanganyika kwa hilo. Alijua. Lakini angemtuma nani awachunge? Mdogo wake, aliyekuwa akimwamini hata akimpa mgongo, alikuwa akipita mbele ya geti lake bila kugeuza shingo.

Siku moja vijana walirudi wakisema injini imechomoka ikazama. Baadaye ilionekana ikinguruma kwenye boti ya watu wengine, imepakwa rangi mpya. Ilifuata boti yenyewe, kisha makochi, kisha nyumba. Pombe na sigara zilimwachia Bosi kifua kinachopiga filimbi, na familia ikahamia chumba cha kupanga nyuma ya ghala la barafu, ambako ukuta mmoja ulitoa jasho mchana kutwa.

Mama Sindano alipanga maneno njia nzima alipokwenda kumwona shemeji. Angemwomba aje amtazame kaka yake. Akija tu, angemwomba washike kamba tena. Alimkuta ufukoni na wenzake wapya, wakianika wavu mpana. Alisema yote, akijilaumu mwenyewe bila kumgusa mumewe. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wavu wetu umechanika upande ule," alisema. "Kama unatafuta kazi, mama, kaa pale na wale wanawake. Msimamizi atakulipa jioni."

Hakusema shemeji. Alimwita mama, kama anavyoitwa mwanamke yeyote anayeuza maji njiani. Mama Sindano akakaa pale, akashona, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitu.

Aliporudi, mumewe alikuwa ameegemea mto, macho mlangoni.

"Umemwona? Ameniulizia?"

Mama Sindano alitua samaki aliopewa. "Amekuulizia. Anataka kujua kifua kinaendeleaje."

Mume alitabasamu, jambo ambalo lilikuwa limemtoka siku nyingi. Akakohoa, akajivuta kitako.

"Basi atakuja," alisema. "Namjua, huyo hawezi kukaa. Nitolee lile shati jeupe, mama. Asinikute hivi."

Akamtolea, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Kesho yake alilitaka tena, na keshokutwa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuushona wavu wa shemeji, Mama Sindano alilifua akalianika kwenye kamba.