Ndege wa Zabibu na Mkono wa Shangazi

Saa mbili asubuhi Zabibu Luqmani anabonyeza deki, picha inaganda kwenye televisheni. Anaisogeza kidogo, anaigandisha tena. Juu ya maji ya Ziwa Singidani anaelea ndege mweusi, mabawa marefu membamba, mkia umepasuka kama mkasi.

"Mtaa mzima walisema ni mwewe," anasema huku akicheka. "Mwewe gani wa hivyo, jamani?"

Mama huyu wa miaka 36 ana studio ya picha Utemini, mjini Singida. Tangu kamera za video zianze kupatikana madukani, yeye hurekodi harusi upande wa wanawake, ambako mwanamume hatii mguu. Kwa mwezi hupata harusi nne, na zote anapewa kwa sababu moja tu: anaaminika.

Februari mwaka huu wa 1998, kwenye harusi kando ya ziwa, alimnasa ndege huyo kwa video na kwa picha moja. Aliikuza picha akibakiza ndege na mbingu tu, akaituma Arusha pamoja na nakala ya kipande hicho cha mkanda kwa Andrea, mtaalamu anayeweka kumbukumbu za ndege nchini.

Andrea alimtambua: ndege wa bahari kuu, nadra hata pwani. Lakini pengo la unyoya kwenye picha lilikuwa bawa la kushoto, na kwenye video la kulia. "Hawa ni ndege wawili," aliandika. "Picha hii haikupigwa Singida."

Maana yake, Zabibu ni mwongo. Maneno hayana mlango. Wiki haikuisha, familia mbili zikamnyang'anya harusi.

"Waliniuliza, kama nabandika ndege, nitashindwa kubandika binti zao? Niliumia sana. Nililia."

Akarudi kwenye negativu, akaisafisha picha nzima. Chini pembeni alitokea Saada, shangazi wa bibi harusi, akimpa mama wa bwana harusi kikombe cha chai. Zabibu akampelekea, awe shahidi kwamba ilipigwa pale. Shangazi akaitazama, uso ukamkunjamana.

"Mimi nimpe mkwe kikombe kwa mkono wa kushoto? Nani kanilea hivyo?"

Zabibu anasema alirudi mbio kwenye deki. Kwenye video, shangazi alikuwa ametoa kikombe kwa mkono wa kulia. Negativu ndiyo aliyoiweka nyuma mbele kwenye mashine mara zote mbili, kulia kukawa kushoto. Pengo lilikuwa la bawa lilelile.

Mpiga picha mwingine angenyamaza alinde biashara. Zabibu hakunyamaza; mficha uchi hazai. Siku hiyohiyo aliandika barua ya kukiri kosa, akaituma na picha nzima.

"Nilimdhania vibaya, nimemwomba radhi," Andrea alituambia kwa simu. Kumbukumbu itachapishwa Desemba ikiwa na jina la Zabibu. Mwenyewe ameomba jambo moja zaidi.

"Waandike na kosa langu. Wateja watacheka, wacheke. Lakini siku mwanamke mwingine wa huku, hata wa kijijini Ilongero, akipeleka picha yake, wamuulize kwanza kabla ya kumwita mwongo."