Kibali cha Ukumbi Mmoja

Saa kumi na dakika ishirini na tano alasiri, siku ya Alhamisi, ujumbe wa mwenyekiti wa kamati ya harusi uliingia kwenye simu yangu. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya ukumbi wa Mlandege, na shughuli ya Jumamosi ilikuwa imehamishiwa ukumbi mwingine, upande wa pili wa mji wa Iringa. Nilikuwa kibandani kwangu Mbeya, ambako natengeneza redio na simu. Wanakamati wengine walijibu "Amina" na "Mungu ni mwema". Mimi nilifungua mfuko wa plastiki wenye karatasi zangu, nikasoma upya mstari niliokuwa naujua tayari.

Bibi harusi alikuwa binti wa kaka yangu mkubwa. Nilipoishia darasa la saba, kaka huyo aliuza ng'ombe mmoja kati ya wawili aliokuwa nao, akaninunulia vifaa vyangu vya kwanza vya ufundi. Hajawahi kunidai wala kunikumbusha. Kwa hiyo kamati ilipogawa kadi za michango sikuahidi fedha. Niliahidi picha za angani: ningerusha droni yangu juu ya msafara wa maharusi unapoingia ukumbini. Mhazini aliandika mbele ya ahadi hiyo thamani yake, laki tano. Kaka akawaambia watu wa kanisani, wa sokoni na ndugu zetu wa Kilolo kwamba mdogo wake atarusha ndege. Mwaka ule hakuna jambo nililolitaka kuliko hilo.

Droni nilikuwa nimeinunua ikiwa imetumika. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi, miezi miwili. Baada ya hapo nikasoma kanuni. Ilinibidi niisajili kwa jina langu, niibandike namba, nipate kibali cha usalama, na kwa kila kazi ya mjini niombe ruhusa inayotaja tarehe, saa na eneo. Nisiipitishe juu ya vichwa vya watu. Nisiiache itoke machoni pangu. Nikae mbali na uwanja wa ndege na majengo ya ulinzi. Sikuziona kanuni hizo kuwa za kipuuzi. Kitu chenye mapanga manne yanayozunguka kinaweza kuanguka, na chini kuna watu.

Kwenye fomu, penye neno "eneo", palikuwa na mistari miwili. Niliona aibu kuiacha wazi. Nilikuwa nimekwenda Iringa mapema na kupima kwa hatua, kwa hiyo niliandika jina la ukumbi, mtaa, kata ya Mlandege, na kuongeza: mita mia moja na hamsini kuzunguka ukumbi. Mistari ile niliionea fahari. Ruhusa ilipokuja, ilikuwa imenakili maneno yangu yote kama yalivyo.

Ijumaa asubuhi nilipiga simu kwenye ofisi iliyotoa ruhusa. Afisa alikuwa mpole.

"Mzee, eneo likibadilika hayo ni maombi mapya. Hayawezi kukamilika kwa siku moja."

"Ni mji uleule."

"Nimekuelewa. Lakini kwa nini uliandika ukumbi? Wenzako huomba kata nzima, hata mbili tatu, kisha siku yenyewe wanachagua pa kusimama."

Nilimshukuru, nikafunga droni kwenye mkoba wake, nikasafiri.

Jumamosi saa nane nilikwenda kuutazama ukumbi mpya. Nyuma yake palipita uzio mrefu wa serikali wenye kibao cha kukataza kupiga picha. Nilisimama pale muda, nikijaribu kutafuta pembe ambayo ningeweza kurushia droni bila kamera kuuona ule uzio. Haikuwepo. Kama ningeomba upya, nadhani ningekataliwa.

Nilimkuta kaka nyumbani, ameshavaa suti, anafungwa tai na shangazi yetu.

"Kamwene," nilimsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Ndege iko tayari?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo sina budi kulisema.

"Unamwogopa nani?" akauliza.

"Sijasema naogopa. Nimeweka sahihi, kaka."

"Dakika tano tu. Unairusha, unaishusha. Nani atapima?"

"Mimi."

Shangazi alicheka hadi akaachia tai. "Huyu ndivyo alivyo tangu mtoto! Ukimtuma chumvi kijiko kimoja, anauliza cha chai au cha supu."

Kaka hakucheka. "Ungeandika Iringa tu, mdogo wangu," alisema. "Iringa. Herufi sita." Kisha akageukia kioo.

Msafara ulifika saa kumi na moja na nusu, jua bado lipo. Mpiga video aliyekodiwa na kamati, mtu wa makamo mwenye shati la maua, alichomoa droni kwenye mfuko wa mkate, akaiweka chini kwenye lami. Nilimsogelea nikamwuliza namba ya usajili iko wapi.

"Namba ya nini, bosi? Hii si bajaji."

Akairusha. Ilipanda, ikapita juu ya matarumbeta, juu ya vilemba vya akina mama, juu ya bibi harusi aliyeinua uso na kucheka. Vigelegele vikapigwa. Nilikuwa nikingoja kitu kitokee: askari, waya, upepo. Hakikutokea kitu. Ilishuka taratibu mbele ya miguu ya mpiga video, akairudisha kwenye mfuko wa mkate.

Wiki iliyofuata nilirudi tena Iringa, kwa kuwa kamati ilikuwa inavunjwa, na mtu mwenye ahadi asipohudhuria siku hiyo huzungumzwa. Kulikuwa na pilau na soda. Mhazini, mama mfanyabiashara wa nguo, jirani ya kaka, alisoma orodha. Alipofika kwangu alishusha sauti.

"Baba mdogo wa bibi harusi. Picha za angani."

Nilisimama nikamkabidhi bahasha. Nilikuwa nimeuza droni kwa fundi mwenzangu, pamoja na cheti, nikimwelekeza namna ya kubadilisha jina la mmiliki. Alinipa laki tano kamili.

Kaka alinivutia kiti karibu yake. Akafungua simu, akanionyesha ile video. Kutoka juu ukumbi ulionekana mdogo, na uzio ulionekana wote, na yaliyokuwa nyuma yake. Kwenye ngazi za ukumbi alikaa mtu mmoja peke yake, mkoba mapajani.

"Ni wewe," alisema kaka.

"Ni mimi."

Alitazama kidogo, akazima. "Ungekula kwanza," akasema, akanisogezea sahani.

Droni niliinunua laki tisa na nusu. Bima, karatasi, picha za pasipoti na nauli ya safari zote zilifika laki moja na elfu themanini na nne. Nilichopata ni laki tano, nazo ziko kwa mhazini. Kwa hiyo nilichopoteza ni shilingi milioni moja, laki moja na elfu thelathini na nne.