Bahari Iliyofungwa Nyuma ya Kinango

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo, nikauliza misumari iko wapi. Mjiolojia Mkuu akanieleza kuwa nyundo ile ni ya kuvunjia mawe, na kwamba cheti changu cha kidato cha nne kimenipa heshima ya kuyabeba.

Mimi ni mtu wa Bongwe. Nisipolala kwangu, silali. Basi nilipopelekwa nyikani nyuma ya Kinango, kuelekea Taita, nilitaka kitu kimoja tu: uhamisho wa kurudi nyumbani. Mkuu aliahidi kuutia saini pindi wazee wa huko watakapoturuhusu kuchimba kilima chao.

Kilima chenyewe kilikuwa na jiwe la kijani, linateleza kama sabuni.

"Hii ni sakafu ya bahari," akasema Mkuu. "Tunaiita ofiolaiti."

Nikatazama: vumbi, migunga, mbuzi. "Bahari gani, bwana?"

"Ya kale mno. Mabara mawili yalisogeleana, bahari ikafungwa. Sakafu yake ikazama chini ya bara, ikaachia maji yake huko chini. Maji hayo yakafanya miamba ya juu yake iyeyuke, ikapanda ikiwa uji wa moto, yaani magma. Kipande hiki kikakwanguliwa, kikabaki juu. Umeelewa?"

"Naam." Nyinyi vijana mna simu za kuulizia, sisi tulikuwa na naam.

Kwenye baraza la wazee, Mkuu akaniachia mimi niseme, eti Kiswahili changu kitamu. Nikawaeleza wazee kuwa hapo palikuwa bahari, ikaondoka. Mzee Mwero, mwenye mbuzi wengi kuliko wote, akauliza, "Itarudi?"

Sasa, mtu wa pwani anajua maji yakipwa hujaa. Nikajibu bila kufikiri: "Itarudi, mzee. Hurudi kila mara."

Asubuhi kilima kilijaa mbuzi, kuku na vitanda vya kamba. Wazee wakagoma: ndipo pao pa kukimbilia bahari ikirudi, hapachimbwi.

"Bahari iliyofungwa itarudi wapi?" Mkuu akafoka. "Nenda ukarekebishe, ama utazeekea hapa!"

Nikapanda hadi kwa Mzee Mwero. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mashua umeiacha wapi?" Wakacheka wote.

"Nilikosea, mzee. Sakafu ilizama, miamba ikayeyuka..."

"Jana maji, leo moto!" mkewe akashika kichwa.

Nikaona nazama mwenyewe. "Ukweli, mzee, sijaelewa. Ninachojua ni kwamba haya ni mambo ya zamani mno, nami nataka kwenda kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Bongwe, karibu na Diani."

"Karibu na bahari?"

"Naam."

Akawageukia wenzake. "Huyu anaijua bahari, na bado ndiko anakokimbilia. Teremsheni mbuzi."

Kilima kikachimbwa, uhamisho ukatiwa saini, nikabeba mawe ya Mrima na Msambweni hadi mgongo ukastaafu kabla yangu. Siku ya kuagwa nilitaka kumuuliza Mkuu: sakafu ilizama, sawa, lakini maji mengine yote yalikwenda wapi? Nikala biriani tu. Mtu anaweza kurudishwa nyikani hata siku ya mwisho.