Fundi Bati wa Unguja Anunua Nusu Nyumba Mbeya

Saa moja asubuhi, baridi ya Julai inauma masikio, na Bwana Muharami Jaha yuko juu ya paa la nyumba isiyo yake.

Anatambaa kwa magoti kwenye bati lenye umande, nyundo ndogo mkononi. Anagonga hapa, anasikiliza, anasogea, anagonga pale. Chini, mkewe Bibi Mwanakhamisi ameshika ngazi kwa mikono miwili, na ulimi wake haupumziki.

"Shuka, bwana wee. Ukivunjika mguu kabla hujainunua, nitakuuguza kwenye nyumba ya nani?"

"Bati zima," anajibu kutoka juu, na sauti yake inafika mtaa wa tatu. "Misumari michache tu imeshika kutu. Wallahi, nyumba hii inanipenda."

Nyumba yenyewe iko Majengo, mjini Mbeya. Ni nyumba ya vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, na katikati ujia mmoja ulionyooka kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa uani. Jiko liko uani, choo kiko uani. Vyumba vya kulia ni vya Bwana Jailos, dereva wa lori, Mnyakyusa wa Rungwe, na mkewe Atuganile. Vya kushoto ni vya Bwana Kalinga, Mhehe, ambaye amechoka na mji na anataka kurudi kwao Iringa kulima. Hivyo vya kushoto ndivyo Muharami anavyovitaka, na amevitaka kwa pupa ya mtoto aliyeona embe bivu.

Muharami ana miaka arobaini na minane na ni fundi bati. Madebe ya mafuta ya taa yakishaisha kazi dukani huja kwake, naye huyageuza ndoo, vibatari, mikebe ya chai na mafaneli. Ndoo moja huiuza shilingi mbili, kibatari senti thelathini. Mwezi ukiwa mzuri hubaki na shilingi tisini baada ya kulipa mkaa na risasi ya kuungia. Kazi yake ina kelele kiasi kwamba wenye nyumba sita wamekwisha kumwambia kwa adabu atafute pengine, na wa saba hakutumia adabu.

"Mpangaji anayegonga bati toka asubuhi, nani atamweka?" anauliza mwenyewe, akicheka. "Hata mimi nisingejipangisha."

Alizaliwa Ng'ambo, Unguja. Alivuka bahari akiwa kijana, akapanda treni mpaka Dodoma, kisha lori mpaka Iringa, kisha akaifuata dhahabu ya Lupa kule Chunya. Dhahabu hakuipata, ila aliwauzia ndoo wale waliokuwa wakiitafuta, na anasema yeye ndiye aliyefaidi. Lugha huku anaijua, Kiswahili ni chake, lakini hilo halimfanyi asiwe mgeni. Unguja ni nchi nyingine yenye Sultani wake, na mtu wa huko akitaka kushika nyumba hapa hutazamwa mara mbili.

Kununua nyumba ugenini alikwisha kujaribu mara moja, na yalimkuta. Ilikuwa Iringa, mwaka 1947. Alinunua vyumba viwili kwa bwana mmoja mpole, mwenye maneno matamu.

"Nilipaka chokaa, nikatundika pazia," anasimulia. "Wiki ya pili wakashuka kwenye lori dada zake wawili, wananiuliza, wewe nani? Kumbe nyumba ya urithi. Yule bwana aliuza na fungu la wenzake. Mimi nimesimama mlangoni, brashi ya chokaa mkononi."

Kwa hiyo safari hii kajifunga kibwebwe. Mtu akimwomba ushauri, na hata asiyemwomba, humpa. Anasema usimuulize muuzaji peke yake, waulize ndugu zake. Nenda boma uone karatasi ya kiwanja ina majina mangapi. Nenda uitazame nyumba masika, usiitazame kiangazi, maana kiangazi kila nyumba ni nzuri. Kunywa maji ya hapo. Panda juu.

Ushauri wa ndugu ameushika mpaka umemshika yeye. Alimwambia Kalinga hatatoa hata senti mpaka aone ukoo. Kalinga akauleta. Asubuhi hii wameketi barazani watu saba waliofika jana na basi kutoka Iringa, wamejifunika mablanketi, pamoja na bibi kizee Apolonia ambaye hana fungu lolote katika nyumba hii.

"Nimekuja kuona Mbeya," anasema bibi huyo bila haya, na kuomba chai nyingine.

Ndugu wote wameridhia. Bei ni shilingi elfu moja na mia mbili, akiba ya miaka tisa. Bati zima, maji matamu, masika ya mwaka huu ujia haukulowa. Limebaki jambo moja tu, nalo ndilo linalomnyima Muharami usingizi. Karatasi ya kiwanja ina majina mawili, la Kalinga na la Jailos, na karani wa boma amekwisha kusema bila sahihi ya Jailos hakuna kuuza wala kununua.

Na Jailos hatii sahihi.

Wala hakatai. Wiki ya kwanza alisema lori limeharibika. Wiki ya pili alisema ana homa. Wiki iliyopita alisema kalamu yake haiandiki, Muharami akamletea kalamu, akasema sasa macho yanamuuma. Kalinga naye ameweka mpaka. Leo Jumamosi ikipita, atafunga vyumba vyake, atamwachia mpangaji, na atapanda basi Jumatatu na ukoo wake wote.

"Sijui nimemkosea nini," anasema Muharami akishuka kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake imeshuka naye. "Mtu mwema kabisa. Tunasalimiana, tunacheka. Nikitoa karatasi, uso unafungika."

Mkewe anamtazama. "Ulimwambia nini siku ile ya kwanza?"

"Nilimwambia mipango yangu. Niliwaambia wote, hapo hapo ujiani. Kwamba chumba cha kati nitakifanya karakana, na ule mlango wa pembeni niuzibe kwa matofali, niweke meza ya kazi."

Chumba cha kati upande wa Kalinga kina kitu cha ajabu kidogo. Kina mlango wa ujiani kama vyumba vyote, lakini pia kina mlango wa pili, mwembamba, uliokatwa kwenye ukuta wa nje na kutokea ubavuni mwa nyumba. Muharami aliuona, akauhesabu kuwa ni kasoro. Leo, kwa furaha yake, amekwisha kuleta masanduku mawili ya vyombo na kuyapanga mbele ya mlango huo, ingawa nyumba bado si yake.

"Unahamia kabla ya nikahi," Kalinga anamtania.

Saa tatu, wote wanaingia chumba cha kati kupima meza itakaa wapi: Muharami, mkewe, Kalinga, na mwandishi wa makala haya. Jailos amesimama mlangoni, mikono mifukoni. Atuganile anatoka jikoni uani na birika la chai ya ukoo wa Kalinga, anakuja ujiani. Yuko katikati ya ujia pale kikohozi kinaposikika mlango wa mbele.

Ni kikohozi kimoja, kizito. Atuganile anasimama kama aliyeitwa na polisi.

Mzee aliyekohoa ni Mzee Andendekisye, babake Jailos, aliyeshuka na lori la alfajiri kutoka Tukuyu, na mkungu wa ndizi ndani ya gunia. Huja Mbeya mara kwa mara kutibiwa mguu. Leo hakutuma neno kwamba anakuja.

Atuganile hawezi kurudi uani, maana ujia umenyooka na mzee atamwona mpaka mwisho. Anafanya analoweza. Anavuta kanga usoni, anajitumbukiza chumba cha kati, mbio kwenye ule mlango mwembamba, na anayakuta masanduku.

Anageukia ukuta na kuchuchumaa, birika la moto mkononi. Jailos ameganda. Kalinga ameinamisha kichwa. Na Muharami, mtu wa pwani asiyejua mgeni apitishwe vipi isipokuwa kwa shangwe, anatoa kichwa ujiani na kuita kwa sauti yake ile ya paani:

"Karibu, Mzee, karibu sana! Pita, pita ndani huku!"

Fimbo ya mzee inaanza kugonga sakafu ya ujia, inakuja.

"Muharami," anasema Mwanakhamisi polepole, "sogeza masanduku."

"Kwa nini?"

"Sogeza kwanza, uulize baadaye."

Aliyasogeza. Sanduku la juu lilianguka, mikasi na nyundo vikatapakaa, mafaneli matano yakaviringika mpaka ujiani kwenye miguu ya mzee. Mlango mwembamba ukafunguka, Atuganile akatoka na birika lake, mlango ukafungwa. Mzee Andendekisye akaingia, akakuta wanaume watatu na mwandishi huyu wanahema na mwanamke mmoja anaokota misumari.

"Mugonile," akasalimu.

Wakamjibu kila mtu alivyoweza.

Kalinga ndiye aliyeeleza, mzee alipokwisha kurudi barazani kuketi na bibi Apolonia. Kwa Wanyakyusa wenye kushika mila, mke wa mtu haonani na babamkwe wake. Si ugomvi, ni heshima. Hatazami uso wake, hapiti mbele yake. Kijijini ni rahisi, njia ni nyingi. Katika nyumba ya mjini yenye ujia mmoja, mzee akikaa barazani siku nzima, mkamwana hafiki jikoni wala chooni. Kwa hiyo Kalinga, Mhehe ambaye mila hiyo si yake, aliukata ukuta wake mwenyewe miaka sita iliyopita. Atuganile huvuka ujia hatua moja, hupita chumba cha kati, hutokea ubavuni.

"Na hamkuniambia," Muharami alisema.

"Si jambo langu kusema," Kalinga alijibu. "Mambo ya ukwe ni ya wenyewe."

Muharami akamgeukia Jailos. Jailos alitazama viatu vyake.

"Ningeanzaje?" alisema. "Mtu nimemjua juzi, nimweleze mambo ya mke wangu na baba yangu? Ulisema utaziba kwa matofali. Nikajua ndio basi. Nikitia sahihi, ama mke wangu afungiwe chumbani ama baba yangu asije kutibiwa. Na kukukatalia niliona aibu."

Muharami aliupima mlango ule kwa macho, akaipima meza yake, akaupima ukuta wa kaskazini wenye mwanga mzuri, ambao fundi bati anaweza kuutafuta maisha yake yote. Mahali pengine panapofaa karakana ni chumba cha mbele tu, na chumba cha mbele walikwisha kukubaliana na mkewe kitakuwa cha kupangisha, shilingi kumi na tano kwa mwezi.

"Chumba cha mbele," alisema Mwanakhamisi kabla hajaulizwa. "Utagongea huko, na mlango huu utakaa ulivyo. Mimi nitalala chumba hiki, na Atuganile akipita nitamwambia pita, mwenzangu."

"Na kodi ya mpangaji?"

"Tutauza ndoo."

Muharami alicheka, kisha akacheka tena kwa nguvu, akampiga Jailos begani. "Basi mlango nitautia bawaba mpya. Hizi zinapiga kelele, mzee atasikia."

Jailos alitoka kwenda barazani, akainama sikioni mwa babake, wakazungumza Kinyakyusa. Kisha mzee akamwita Muharami aketi naye.

"Mwanangu aliniandikia," alisema Mzee Andendekisye kwa Kiswahili chake cha polepole. "Kwamba kuna mtu wa bahari anataka nyumba. Kila siku anapanda juu kutazama bati. Anaonja maji. Anauliza ndugu za Kalinga. Mimi nikasema, vema, ana akili. Lakini sisi je, tusitazame? Kwa hiyo sikutuma habari. Wewe umekuja kutazama nyumba. Mimi nimekuja kukutazama wewe."

"Na umeona nini, Mzee?"

"Nimeona vyombo vimetapakaa," mzee alisema, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Mtu anayetupa vyombo vyake chini namna ile ili mke wa mwenzake apite, huyo naweza kukaa naye."

Macho ya Jailos yalipona papo hapo. Alitia sahihi ya kwanza kwenye goti lake, hakungoja meza, na kalamu iliandika bila shida yoyote. Muharami alitia ya kwake kwa herufi za Kiarabu, Kalinga dole gumba, na Bibi Apolonia akataka atie pia. Walimruhusu atie kwenye bahasha.

Bibi Mwanakhamisi alikwenda uani kumwambia Atuganile, na kelele za wanawake hao wawili zilisikika mpaka barabarani. Muharami alisimama mlangoni mwa chumba chake, machozi yanamtoka, hakuyafuta wala hakuyaficha.

"Miaka ishirini mtu ananiuliza umepanga kwa nani," alisema. "Sasa aje aniulize."

Mipango anayo tele. Jumatatu atahamia. Kabla ya masika atajenga kibanda cha bati ubavuni mwa nyumba, ili anayetokea mlango ule asinyeshewe. Akipata nauli atamleta dada yake kutoka Unguja aje aonje baridi.

Saa tisa mzee alikuwa barazani akingoja lori la kumrudisha Tukuyu, ametoka hospitali, mguu umefungwa bandeji mpya. Hakugeuza kichwa ndani. Alimwambia Muharami, "Mwambie aliye ndani, chai ilikuwa nzuri."

Muharami aliingia ujiani, akasimama nje ya mlango wa Atuganile, akafikisha. Ndani sauti ikajibu, "Mwambie asante, na mguu asiutie maji mpaka Jumatano." Akarudi barazani, akafikisha. Mzee akafikiri, akasema ndizi zitolewe kwenye gunia leo leo, zisije zikaharibika. Muharami akaingia tena.

"Nahamia Jumatatu," alimwambia mwandishi huyu akipita kwa mara ya tatu, jasho linamtoka katika baridi ya Mbeya, "lakini kazi nimeshaanza."