Hatua Alizosikia Baba

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, baba yangu alipotusimamisha uani kabla ya kwenda kupanda gari la Korogwe, akatuonya mimi na shangazi: "Tukifika kwa huyo mganga wa Kichina asifungue mtu mdomo. Kama ni mganga kweli, atasema mwenyewe ninachoumwa." Shangazi Mwanaidi, dada yake mkubwa, alimtazama tu akaendelea kufunga kanga yake. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, na mbele ya baba sikuwa na la kusema.

Usimcheke. Kwetu Misima hivyo ndivyo watu walivyompima mganga. Unaingia, unakaa, unanyamaza. Yeye ndiye apige ramli yake atoboe: hulali vizuri, una jambo na jirani, mguu wa kushoto unakusumbua. Akikuuliza unaumwa nini, hapo hapo ameshuka thamani. Baba alikuwa na msemo wake: "Mganga akiniuliza naumwa nini, basi na mimi ni mganga." Watu walikuwa wakivunjika mbavu, naye alipenda sana wakicheka.

Lakini siku hizo hakuwa mtu wa kucheka tena. Ngoja nikueleze alichokuwa anakificha, maana mama alituambia kwa siri. Baba alikuwa anasikia mtu anatembea. Kila akiweka kichwa kwenye mto, nyuma ya nyumba, upande wa migomba, mtu huyo anaanza kutembea polepole. Hatua, hatua, hatua. Kisha anasimama. Anasimama mpaka na wewe unayesikiliza unabana pumzi. Halafu anaendelea. Baba akiinuka na kufungua dirisha, kimya, wala hakuna unyayo kwenye udongo. Akirudi kulala, na yule naye anaanza.

Na baba alimjua ni nani. Mdogo wake, Sefu, waligombania mpaka wa shamba wakaacha kusemeshana, na Sefu akafa hivyo hivyo. Baba hakwenda kuzika. Mwanangu, ndugu yako wa tumbo moja anafukiwa na wewe huna hata konzi ya udongo uliyomtupia! Jambo hilo kwetu watu walilisema kwa kunong'ona. Arobaini ilipopita ndipo hatua zikaanza, na baba akaamini kwamba Sefu amekuja kumchukua. Akaacha kula. Akawa akipanda kijilima cha kisimani anakaa chini kutafuta pumzi. Sanda alishanunua, ameiweka juu ya kabati. Halafu mama akatuambia neno lililotutoa jasho: "Anasema siku hizo hatua zikija kusimama mlangoni atafungua, amfuate Sefu." Hilo ndilo lililotutoa Misima. Baba mwenyewe alikubali kwenda kwa sababu alitaka mgeni, mtu asiyemjua Sefu wala ugomvi wao, amthibitishie kwamba ndiye.

Nyumba ya yule mganga haikuwa mbali na stendi. Nje utingo wanapiga kelele za Mombo, Mombo, Lushoto. Ukivuka mlango ule, kelele zote zinakatika, sijui kwa nini. Ukuta mzima ni droo ndogo ndogo, na harufu ya mizizi iliyokaa muda mrefu. Palikuwa na chupa za vitu vilivyokauka, na ndani ya chupa moja niliona mkono wa mtoto. Nikamshika shangazi. Akaninong'oneza, "Ni mzizi huo." Lakini naye nilimwona akisogeza kiti chake mbali kidogo.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, wagonjwa walimwita Mama Mchina. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, lakini kilimtosha.

"Ulimi," akasema.

Ebo! Baba akamtazama dada yake, akanitazama mimi. Mtu mzima, mwenye kofia yake kichwani, amtolee mwanamke ulimi mbele ya binti yake! Kwetu ukimtolea mtu ulimi umemtukana. Shangazi akageukia ukutani kumsitiri, mimi nikaangalia miguu yangu. Baba akautoa nchani tu, kama anayeonja uji wa moto.

"Zaidi."

Nikaiba kutazama. Ulimi wenyewe umepauka, na pembeni una rangi ya zambarau. "Umekula zambarau?" mganga akauliza. Baba kimya. Akamwambia auinue, akainama kuangalia chini yake, na huko mishipa ilikuwa minene, myeusi, imejikunja. Aliitazama muda mrefu. "Unasikia nini mwilini?" Kimya. "Unalala?" Kimya. Baba akajifuta mdomo akanikonyeza, maana yake: umeona, anauliza, si mganga huyu.

Mama Mchina hakukasirika. Aliweka kijimto mezani, akaulaza mkono wa baba juu yake, akaweka vidole vitatu pale karibu na kiganja, akafumba macho. Hakukuwa na kingine. Hakuna maneno, hakuna dua, hakuna kibuyu. Akahamia mkono wa pili. Nikaanza kusikia mwili wangu mwenyewe unavyofanya kazi, jinsi kulivyokuwa kimya.

Ndipo mkono wake mwingine, uliokuwa umelala tu mezani, ukaanza kugonga kwa kidole. Sidhani kama alijua anagonga. Taratibu. Gonga, gonga, gonga. Kikasimama. Sote watatu tukabana pumzi. Kisha kikaendelea.

Nilimwangalia baba. Uso ulikuwa umegeuka majivu. Akataka kuuvuta mkono, mama yule asiuachie.

"Nani kakwambia?" baba akauliza, na sauti haikuwa yake. "Nani kakufundisha mwendo wa Sefu?"

Mama Mchina akafumbua macho. "Sefu nani?"

Na baba akanyamaza tena! Mpaka hapo, jamani, bado anampima. Shangazi alinyanyuka pale alipokaa, na mimi sijawahi kusikia mtu akisema na baba yangu vile tangu nizaliwe.

"Mhina! Umetoka Misima kuja kumtega mtu wa watu? Mganga wa kule anakujua wewe, anaujua ukoo wako, anaujua na ugomvi wako kabla hujapiga hodi. Huyu kakujulia wapi? Amekushika mkono akuokoe, na wewe unamtegea vitendawili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haya, sema, au niseme mimi."

Baba akasema. Alisema yote, hatua, migomba, mpaka wa shamba, udongo ambao hakuutupa. Alilia, na mimi nililia kwa kumwona analia. Mama Mchina alisikiliza mpaka mwisho, sijui alielewa maneno mangapi. Kisha akachukua vidole vya baba vya mkono wa pili, akaviweka pale pale vyake vilipokuwa.

"Sikiliza mwenyewe."

Baba akainamisha kichwa. Midomo yake ikawa inacheza. "Anatembea," akasema. "Anatembea... amesimama." Tukangoja. "Anaendelea." Akainua macho akatutazama kama mtoto aliyepotea sokoni. "Kumbe ni mimi."

"Moyo," Mama Mchina akasema. "Unaruka. Sikio likiwa kwenye mto, unausikia. Dawa yangu ndogo kwa huu. Nenda hospitali leo. Si kesho."

Utadhani tulifurahi. Thubutu! Mimi ndipo nilipoogopa kweli. Yule mtu aliyekuwa nje kwenye migomba sasa yumo kifuani mwa baba, na tunatembea naye barabarani. Kila baba aliposimama kupumzika nilijikuta nategea sikio. Hospitalini daktari akasema yale yale, akaongeza kwamba tungechelewa kidogo tungerudi Misima na maiti. Alipewa vidonge, akaishi miaka mingi, akawapakata wanangu. Alipopata nguvu alikwenda kaburini kwa Sefu peke yake, akakaa huko mpaka jua likageuka, na aliporudi aliwaita watoto wa marehemu akawaachia ule mpaka wa shamba.

Hatua zikakoma. Lakini nikuambie jambo moja, na usiniulize zaidi. Siku tuliyorudi nilimkimbilia mama, nikamwambia, mama, hapakuwa na mtu, ni mapigo ya moyo wa baba. Mama akaacha kupepeta. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akanitazama. "Na mimi niliyekuwa nalala chumba cha pili nikizisikia, nilisikia moyo wa nani?" Akaendelea kupepeta.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Siku hizi hamwendi kupigiwa ramli, mnaiuliza simu. Lakini mkiingia kwa daktari mnakaa vile vile alivyokaa baba, "naumwa tu mwili," mnangoja atoboe. Usimpime uliyemwendea kwa shida. Sema linalokuuma, na lile linalokutia aibu ndilo ulitangulize, maana mara nyingi ndilo lililobeba ugonjwa. Awe wa mizizi au wa koti jeupe, mpe maneno afanyie kazi. Na ukiwa na ndugu mliyenuniana, mwendee angali anaitikia hodi. Mimi nimeona mtu anavyoteseka kumwomba radhi aliyekwisha kufukiwa.

Nenda kwa amani, mwanangu. Mungu akupe afya, akuondolee kiburi cha mgonjwa, na siku ya shida yako akukutanishe na mwenye subira ya kukusikiliza. Amina.