Udhu wa Mwenye Kuota

Mke wangu alikuwa mwalimu wa wanawake. Mimi nilifundisha wanaume kwenye madrasa ya msikiti wetu. Yeye alifundisha sebuleni, hapo Katwe mjini Kampala, huku nyundo za mafundi wa sigiri, yale majiko ya makaa, zikigonga nje tangu asubuhi. Waliokuja kwake walikuwa wake wa wenye maduka, wauza ndizi, na akina mama waliosilimu ukubwani. Aliwafundisha kutawadha kwa birika na beseni, na hakumwachia mtu aende zake mpaka aeleze kwa kinywa chake mambo yote yanayovunja udhu. Alipofika kwenye usingizi, sauti yake ilibadilika. "Aliyelala mwili wake upo, yeye mwenyewe hayupo," alikuwa akiwaambia. "Basi atajuaje kama bado yu safi?" Nilimsikia kutoka upande wa pili wa pazia, nikajiambia kwamba mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kusoma, sikuwahi kulieleza jambo hilo vizuri namna ile.

Kifungua mimba wetu alipotea wakati wa vita. Alikwenda upande wa Luwero kununua maharage, barabara ikafungwa nyuma yake, na hatukupata habari tena. Vita vilipokwisha na mji ukaanza kutulia, watu walirudi mmoja mmoja, wengine kwa miguu, wengine juu ya malori. Wetu hakurudi.

Badala yake mama yake akawa anamwota, na ndoto ilikuwa ileile. Kijana anaingia kwa mlango wa uani, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, anacheka. Mama anainuka kumpokea. Mkono wake ukimgusa tu, anaamka. Ndoto njema husimuliwa kwa mtu anayekupenda, kwa hiyo alinisimulia mimi, asubuhi, huku akikoroga uji.

"Nimemwona tena."

"Amesema nini?"

"Hasemi, Maalim. Anacheka tu."

Kisha ananipa kikombe changu, na siku inaanza. Sikumwona akilia. Lakini niligundua kwamba alikuwa amejifunza jambo ndani ya ndoto zake: alikuwa ameacha kumgusa, ili akae naye kidogo zaidi.

Alasiri moja tulikuwa tumekwisha kusali. Yeye alibaki juu ya mkeka na tasbihi yake, mimi nikatoka uani kupunga upepo. Mlango ukasukumwa. Aliingia jirani yetu, fundi wa sigiri, Muganda mmoja mcheshi ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni.

"Maalim! Kuja uone! Hii mtoto ni yako ama si yako?"

Nyuma yake alisimama mwanamume mwembamba mwenye ndevu zisizochanwa na koti lililochanika begani. Nilimtambua kwa namna alivyosimama, bega moja chini kuliko jingine, kama alivyosimama tangu udogo. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba koti lile lilinuka moshi na kwamba sikutaka kuliachia.

Kisha mke wangu akatokea mlangoni. Alimtazama mwanawe, uso wake ukiwa mtulivu kabisa.

"Astaghfirullah," akasema. "Nimesinzia kwenye mkeka."

Akachukua birika, akachuchumaa pembeni, akaanza kutawadha. Hakufanya haraka. Alimaliza uso, mikono, kichwa, miguu, akainua macho. Kijana bado alikuwa amesimama. Akajaza birika tena, akaanza upya.

"Mama," mwanangu akaita. "Ni mimi, mama."

"Leo anasema," akaniambia mimi, kana kwamba yule hasikii.

Fundi akacheka. "Mama, hii ni mtu! Mimi nimemshika, ananuka jasho kama sisi!"

"Na wewe umo humohumo ndotoni," akamjibu. "Siku nyingine huwa huji. Karibu."

Nikaona nitumie elimu yangu. Nikamsogelea, nikamwambia kwa upole kwamba hata kama alisinzia, alisinzia amekaa, na aliyelala amekaa imara udhu wake haujavunjika.

"Ulinionea wapi? Nilikuwa nimeegemea ukuta, nimejilegeza."

"Basi kumbuka kanuni unayowafundisha wanawake wako. Mwenye yakini ya udhu, akiingiwa na shaka, hubaki na yakini yake. Una yakini kwamba ulikuwa macho. Usingizi ndio shaka."

Aliweka birika chini. Aliniangalia kwa huruma, kama alivyomwangalia mwanafunzi aliyekosea lakini aliyejitahidi.

"Maalim, yakini yangu ni kwamba mwanangu hayupo. Nimeamka nayo kila siku tangu aondoke. Huyu aliyesimama hapa ndiye shaka."

Nimewasikia watu wakibishana kama maisha haya ni kweli au ni ndoto, wakileta hoja kutoka huku na huku, lakini sijamsikia aliyeibana hoja ile kama mwanamke yule aliyechuchumaa uani, maji yakimtiririka kwenye viwiko. Alitumia kanuni yangu mwenyewe, akaitumia sawasawa, na ikamfikisha mahali ambapo hakumwona mtoto wake.

Kijana akainama, akaokota kifurushi chake.

"Baba, niache niende. Nitalala kwa fundi. Pengine kesho…" Akageukia mlango.

Nilimshika mkono, lakini niliuona moyo wake ukiwa tayari nje ya ukuta wetu. Alikuwa ametembea kutoka Kongo, kama alivyokuja kunisimulia baadaye. Mtu aliyetembea kiasi kile, akifukuzwa na macho ya mama yake, anaweza kutembea tena, na safari hiyo asingerudi.

"Ngoja," mke wangu akasema.

Alikuwa bado amechuchumaa, amefumba macho, vidole vyake vikihesabu kitu hewani, kama alivyofanya kila alipoulizwa swali gumu.

"Aliyelala haandikiwi kitu mpaka aamke," akasema polepole. "Sivyo, Maalim?"

"Ndivyo."

"Basi kama nimelala, nikimpokea huyu sipotezi chochote. Nitaamka, nitalia, nitapika uji. Lakini kama niko macho…" Akafungua macho. "Kama niko macho, nimemsimamisha mtu mwenye njaa mlangoni kwangu, na hilo limeandikwa."

Akainuka, akafuta mikono kwenye kanga, akamwambia mwanawe kwa adabu ileile aliyompa msafiri yeyote:

"Karibu, mgeni. Kaa. Chakula kipo."

Akamletea maji ya kunawa, akimmiminia kwa birika kutoka mbali, asimguse. Akamletea matoke na maharage. Kijana alikula huku machozi yakimwangukia sahanini, naye mama yake alisimama karibu na ukuta akimwangalia kila tonge linavyokwenda. Fundi aliondoka kimyakimya bila utani, jambo ambalo si kawaida yake.

Majuma yakapita hivyo. Mke wangu alimfulia, akamtandikia, akampikia alivyovipenda. Alimwita mgeni. Hakumwuliza alikokuwa, wala nani alimtunza, kwa sababu mgeni hahojiwi. Ni mimi niliyesimuliwa kuhusu kuvuka mpaka, homa, na shamba la mtu alilolilima ili ale. Mwanangu alivumilia. Jirani akipita aliuliza kwa sauti, "Maalim, mgeni bado mgeni?" nami nikajibu, "Bado," tukacheka kidogo, kwa kuwa kulia kungetuchosha.

Wengine walisema vita vilimharibu mke wangu akili. Mimi niliishi naye, na niliona jambo jingine. Hakuwa na uhakika hata wa ardhi aliyoikanyaga, na bado hakuacha hata wajibu mmoja. Wengi wetu tuna hakika kwamba tuko macho, na tunawasimamisha watu milangoni. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mke wa namna ile, na nikaomba subira.

Kisha ikaja siku moja mchana. Alikuwa amekaa kwenye jamvi akichagua mchele kwenye ungo, kijana amekaa mbele yake akikata kucha, mimi kwenye kiti changu. Ghafla mikono yake ikasimama.

"Huko kote," akasema, "hukumwona hata mtu mmoja anayekuja Kampala?"

Kijana akainua kichwa.

"Dereva? Mchuuzi? Mwanamke aliyebeba ndizi? Hukuweza kumwambia, ukifika Katwe, mwambie mama yangu niko hai?"

"Mama, nilikuwa…"

"Hukuweza!"

Akampiga kwa ungo. Mchele ukaruka chumba kizima. Akampiga tena begani, kwenye lile lililoinama, ungo ukavunjika ukingo, akautupa na kumpiga kwa viganja, akimwita mtoto mjinga, mtoto mkaidi, mtoto asiye na huruma, majina ambayo hakuwahi kumwita mgeni yeyote tangu nimjue. Yule kijana mwenye ndevu hakujikinga. Alikuwa akicheka na kulia, akisema, "Nisamehe, mama, nisamehe." Na viganja vile, badala ya kuinuka tena, vikabaki mgongoni mwake.

Nikajua kwamba hakumkasirikia katika ndoto zake zote, kwa kuwa hakuna anayeipoteza hasira yake kwa kitu kitakachoyeyuka asubuhi.

Walianza kuokota mchele, vichwa vyao vikigusana, yeye bado akimkaripia. Wakati huo adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza. Mke wangu, ambaye kwa kawaida ndiye aliyeninyanyua mimi kitini, hakusikia.